Trekta Zilizong'olewa Namba

Miaka ile, mtu wa Arua mwenye trekta ndogo ya bustani hakulala na mke wake tu. Alilala na kabureta. Jioni akishazima injini aliing'oa kabureta kwa spana, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka chini ya mto, ili mwizi akija akute mashine isiyoweza kupumua. Wengine walichukua plagi. Mwalimu mmoja jirani yetu alikuwa anang'oa mikono yote miwili ya kuishikia trekta na kuitundika ukutani, juu ya picha ya harusi yake. Asubuhi kila mtu alirudisha kiungo chake, na nusu yao walikirudisha vibaya. Mimi nilikula kwa vidole vyao vibovu, kwa hiyo sikuwashauri waache.

Nilijua spea kabla ya kujua trekta. Mwaka 1971 nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la Mhindi mmoja pale mjini, msichana niliyemaliza shule ya masista, na kazi yangu ilikuwa kusoma namba kwenye vitabu vya spea na kutafuta kisanduku chake rafuni. Tajiri wangu alikuwa mtu mkimya mwenye sheria moja: hakuna kuuza spea mpaka mnunuzi alete ile iliyovunjika. "Mtu anasema uongo," alikuwa akiniambia. "Chuma hapana sema uongo. Weka yote mbili mezani, angalia." Basi nikaweka mezani, nikaangalia, na nikajifunza kumtilia shaka kila anayeingia mlangoni. Nitasema kweli: nililipenda somo hilo. Liliniingia mwilini kama harufu ya grisi, na grisi ukiizoea huinusi tena.

Trekta zetu zilikuwa za aina tatu, na watu walizipa majina yao wenyewe. Kobe ilikuwa ya dizeli, nzito, ya kuwashwa kwa hendeli, na juu yake palikuwa na tangi la maji lililo wazi. Ukilima jua kali unaona maji yanachemka, unaweza kupikia chai. Sista ilikuwa ya kijivu. Mapadre wa misheni ya Ombaci ndio walioileta kutoka kwao Italia, na nati zake zote zilikuwa za milimita. Mbuzi ndiyo iliyokuwa nyingi: nyekundu, ya petroli, magurudumu mawili, unatembea nyuma yake umeishika mikono. Ukivuta kamba ya kuwashia inaruka mbele kabla hujajiweka sawa, ndiyo maana ya jina. Nati zake zilikuwa za inchi. Anayekuja na spana ya milimita juu ya Mbuzi anakula kona za nati mpaka inakuwa duara, halafu anakuletea wewe na kusema ilikuwa hivyo toka dukani.

Na Mbuzi yenyewe ilikuwa ya aina mbili. Zilifanana kama mapacha, rangi, tangi na mikono, ila flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ubavuni mwa injini, halikuwa moja. Ya aina ya kwanza ilikuwa na mapezi manane ya kupuliza upepo. Ya aina ya pili ilikuwa na kumi. Ukiwa huna haja ya kuhesabu, ulisoma kibati cha shaba kilichopigwa misumari kwenye injini: juu aina, chini namba ya mashine, na kila mashine ilikuwa na namba yake peke yake.

Mwaka uliofuata Wahindi wakaamriwa kuondoka nchini. Tajiri wangu alifunga mizigo yake kwa siku chache, akanipa mkono, akasema nisiache kuangalia mezani. Duka likapewa mtu aliyekuja na barua. Hakujua kutofautisha gasketi na chapati. Vitabu vya spea alivitumia kufungia karanga, ukurasa kwa ukurasa, mpaka nikaficha viwili ndani ya nguo yangu na kuondoka navyo kama mwenye mimba. Sikurudi.

Nikaungana na fundi mmoja. Alikuwa Mnubi wa Koboko, mtu wa makamo, aliyewahi kuwa fundi wa magari jeshini na kuacha na cheo cha koplo. Mji mzima ulimwita Koplo, hata watoto wake. Tulipanga kibanda cha mabati nyuma ya soko: yeye spana, mimi spea na vitabu. Alikuwa na masikio ya ajabu. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, kisha akakuambia kilichokufa ndani. "Dada, hii iko mugonjwa ya pete," alisema siku ya kwanza, tukafungua, pete za pistoni zilikuwa zimekatika vipande vitatu. Kazi yake niliiheshimu tangu siku hiyo. Yeye mwenyewe nilimwangalia.

Halafu ukaja uvumi wa vibati. Ilisemekana watu wa Kampala wanazunguka kuandika namba za mashine zote zilizotoka maduka ya Wahindi, na zikishaandikwa zitachukuliwa. Waliokuwa wamenunua kwa jasho lao na kupewa risiti waliogopa kuliko wasio na kitu, maana risiti ilikuwa na jina la duka la Mhindi pale juu. Sikuwahi kuwaona watu hao wa Kampala. Lakini mtu mmoja alikuja jioni akaniomba ning'oe kibati cha Mbuzi yake, na kesho yake wakaja wanne. Nilitumia tindo na nyundo, vichwa vya misumari vikaruka, kibati kikatoka, na mahali pake nikapaka rangi. Vibati nilivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kila kimoja na uzi wa rangi yake ili nijue ni cha nani. Niliona nimefanya jambo la akili. Mwisho wa msimu ule hapakuwa na trekta ndogo hata moja kuanzia Arua mpaka Vurra yenye namba.

Kibati cha shangazi yangu nacho kilikuwa humo. Shangazi, dada wa baba, alikuwa mjane Logiri, na Mbuzi yake aliachiwa na mumewe. Alilima tumbaku kwenye mteremko na vitunguu chini kwenye majimaji, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa akingojea siku moja tu: siku shamba litakapolala bila kulimwa. Kwa watu wale, shamba la mjane lililolala ni shamba linaloomba mwenyewe. Shangazi alikuwa na maumivu ya mgongo, jembe lilimshinda, lakini kila mvua za kwanza zilipoanguka alivuta kamba, Mbuzi ikaruka, na shemeji akarudi kwake na kikombe chake cha pombe mkononi. "Hii ndiyo mume wangu sasa," alikuwa akisema akiipiga tangi makofi. "Yule wa kwanza hata kuwaka alikuwa hawaki." Trekta ile ikimponyoka, shamba linamponyoka. Mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kufanya kazi bila vibati kulikuwa kutibu wagonjwa wasiosema jina. Mtu analeta Mbuzi iliyopakwa rangi ya mlango, haina kibati, mkono mmoja wa Sista, belti ya mashine ya kusaga, na anakuambia kwa uso mkavu kwamba haijawahi kufunguliwa. Nilihesabu mapezi. Nilipima kipenyo cha bomba la moshi kwa sarafu ya shilingi. Nilijaribu spana ya inchi nusu, ikicheza nikajua kuna mtu ameshatia nati ya kigeni. Oili nayo ilisema: nyeusi na harufu ya kuungua, huyu analima mawe, ya rangi ya maziwa, huyu ameiacha kwenye mvua na sasa anasingizia plagi. Nilichukua nta ya mshumaa nikaikanyagisha kwenye meno ya gia nihesabu alama. Sikuwahi kumwamini mwenye mashine hata mmoja, na mara tisa kwa kumi sikukosea. Wao nao walikaa kwenye debe pembeni kutwa nzima wakilinda spea zao, wasije wakatolewa nzuri wakatiwa mbovu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: fundi anafanya kazi, mwenye mali anakaa kwenye debe, kila mmoja anatazama mikono ya mwenzake.

Na mimi nilitazama mikono ya Koplo.

Kwa nini? Kila Ijumaa alikwenda Koboko kusali na kuona mama yake, na kurudi na petroli wakati mji mzima haukuwa na tone. Askari waliopita kwenye landrova walimsalimia. Koboko ilikuwa nyumbani kwa wakubwa wa siku zile, na mtu wa Koboko aliyekuwa kimya tulimwogopa kuliko aliyepiga kelele. Tena aliuliza maswali. "Ile Kobe ya Oraba, mwenyewe iko nani sasa?" "Mama ya Logiri, karatasi yake anaweka wapi?" Nilijibu sijui, sijui, mpaka nikaonekana mjinga kwenye kazi yangu mwenyewe. Siku moja akaniuliza bila kuinua macho, "Dada, ile kopo ya vibati iko wapi?" Nikasema nimelitupa. Haikuwa kweli bado.

Wiki hiyo hiyo nilirudi sokoni mapema nikamkuta peke yake, ameinamia Mbuzi ya mteja, mfuniko wa giaboksi uko wazi, mkononi ana nyundo ndogo na kipande cha chuma chembamba. Aliponiona alifunika upesi, akafuta mikono. "Mi naangalia meno," akasema. Meno ya gia hayaangaliwi kwa nyundo. Nikamtazama anavyokaza nati moja moja kwa utaratibu wake wa siku zote, na moyoni nikasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ile nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilichukua lile kopo, nikaenda nyuma ya nyumba niliyopanga, nikalitumbukiza chooni. Nilisikia lilivyofika chini. La pili, nilikwenda Logiri nikamwambia shangazi kwamba Mbuzi yake isiguswe na Koplo nisipokuwepo, na giaboksi asiifungue kabisa hata nikiwepo. Oili ya gia nitabadilisha mimi. Shangazi aliniuliza mtu yule amekosa nini. Nikamjibu kwamba kumulika nyoka huanzia miguuni. Alicheka, lakini alinitii, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Tangu hapo kila Mbuzi ya shangazi ilipoletwa, nilileta debe nikakaa. Koplo alisafisha kabureta, alirekebisha pointi, alikaza belti. Alipoweka spana kwenye mfuniko wa giaboksi nilimwambia, "Hiyo acha." Mara ya kwanza alinitazama. Mara ya pili hakunitazama. Mara ya tatu hakuiweka spana pale tena. Mwaka huo huo flaiwili ya shangazi ilipasuka, na ya aina ya kwanza haikupatikana popote, kwa hiyo nilitafuta ya aina ya pili kwenye chuma chakavu, nikapiga tupa kile kijino cha kuishikia mpaka ikakaa, ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Nilijisifu kwa kila aliyenisikiliza na kwa wengine ambao hawakunisikiliza.

Halafu ilikuja ile asubuhi shangazi alipofika mjini kwa miguu, kutoka Logiri, bila khanga ya kichwani. Landrova ilikuwa imekuja jana yake na askari wawili na mtu mmoja wa Koboko, ndugu wa sajenti mmoja wa jeshi. Mtu huyo alikuwa na karatasi inayosema amepewa Mbuzi na serikali, akadai kwamba iliibiwa. Watu walinong'ona kwamba ameiuza mwenyewe Oraba mpakani, ikavuka kwenda Kaya upande wa Sudan, lakini minong'ono haikuwa na mhuri. Waliipakia ya shangazi kwa sababu ilikuwa nyekundu na haikuwa na namba. "Shemeji alikuwa amesimama pale anatazama," shangazi akasema. "Aliwasaidia kuinua." Mvua zilikuwa mlangoni.

Kesi ilisikilizwa Koboko, kwenye baraza ya ofisi ya chifu, Mbuzi imewekwa mbele yetu kama mshtakiwa. Tuliitwa mimi na Koplo kwa kuwa ndio tuliojulikana kwa mashine hizi. Njia nzima, nyuma ya lori, sikusema naye. Nilikuwa na hakika mambo yameshapangwa: kwao, chifu wao, ndugu yao. Shangazi alishika risiti yake kwa mikono miwili. Ilikuwa na namba ya mashine, namba halali kabisa, na kibati chenye namba hiyo kilikuwa chini ya choo changu.

Chifu alizisoma karatasi zote mbili akazirudisha. "Karatasi iko mbili, mashine iko moja," akasema. "Namba hakuna. Nyinyi wawili nasikia nyinyi iko mafundi. Hii iko ya nani?"

Nilisimama kabla Koplo hajafungua kinywa. Nilikuwa nimeona jambo. Karatasi ya yule mtu ilisema aina ya pili, na ya shangazi ilikuwa aina ya kwanza. Nikaeleza vizuri, kwa sauti ya kaunta, kwamba aina hizi zinafanana kwa kila kitu ila mapezi ya flaiwili: ya kwanza manane, ya pili kumi, na chuma hakisemi uongo. "Askari ahesabu," nikasema.

Askari akainama akaanza kuhesabu kwa kidole. Alipofika sita nikakumbuka. Nilikumbuka tupa mkononi mwangu na kile kijino. Nikataka kumwambia aache, lakini ningesema nini? Saba, nane. Tisa. Kumi.

Yule ndugu wa sajenti alitabasamu. Nikajaribu kueleza kwamba niliibadilisha mwenyewe mwaka jana, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na waongo wote niliowahi kuwahudumia. Chifu alinyoosha mkono nikae. Kisha akamgeukia Koplo.

"Koplo, ile mwaka ya jana, Mbuzi ya yule mama ya soko ya huku, ulifungua giaboksi hapa hapa, ukatuonyesha namba umepiga ndani. Kesi ikaisha. Hii nayo umepiga?"

Nilimgeukia. Ndipo nilipoelewa ile nyundo. Kipande kile cha chuma kilikuwa cha kupigia namba. Alikuwa anaisoma namba kwenye risiti ya mwenyewe, ndiyo maana ya maswali yake ya karatasi, na kuipiga ndani ya giaboksi ya kila mashine, mahali oili inapofunika, ili vibati vikitoka nje namba ibaki ndani. Mashine zote zilizopita kibandani kwetu zilikuwa nayo. Zote ila moja.

Koplo aliitazama Mbuzi, hakunitazama mimi.

"Hii sikupiga," akasema.

"Kwa nini hii peke yake?"

"Mi nilisahau."

Chifu alingoja kidogo kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukumbuka. Basi chifu akasema kwamba fundi anayepiga namba kwa kila mashine ya wateja wake, na hii haina, basi hii si ya mteja wake, na mapezi ni kumi, na karatasi inasema aina ya pili. Akaipa ndugu wa sajenti. Shangazi hakulia. Alikwenda akafungua mfuniko wa tangi, akautia mfukoni, akaondoka nao, na hakuna askari aliyemzuia.

Nje, kando ya barabara, nilimuuliza Koplo kwa nini hakusema ukweli, kwamba nilimkataza. Alikuwa anafuta vidole vyake ambavyo havikuwa na grisi.

"Nikisema wewe ulikataza, watauliza wewe unaficha nini. Halafu watauliza vibati nani alitoa. Kutoa namba ni jela, dada. Wewe unaijua jela ya sasa?"

"Na kwa nini hukuniambia kwamba unapiga namba?"

Hapo aliniangalia sawasawa kwa mara ya kwanza siku ile. "Wewe uliweka namba ya watu wote kwa kopo, na uzi, na rangi. Mutu anaweka hivyo, iko anapelekea nani? Mi nilikuogopa."

Miaka miwili tulikuwa tumekaa kibanda kimoja, tukinywa chai ya birika moja, kila mmoja akidhani mwenzake ni jasusi. Yeye alichofanya na hofu yake ni kulinda mali za watu kimyakimya. Mimi na ya kwangu nilifanya haya niliyoyaeleza. Niliona aibu kali pale barabarani, nikaimeza, na nyumbani sikumwambia shangazi. Nilimwacha aamini kwamba Koplo alisahau.

Tuliunda mashine nyingine, mimi naye, kutoka kwenye chuma chakavu: injini ya Mbuzi, gia za Sista, magurudumu ya mkokoteni. Nusu ilitaka spana ya inchi na nusu ya milimita. Tulipoifikisha Logiri mvua zilikuwa na mwezi mzima, na shemeji alikuwa ameshapanda mahindi yake chini kwenye majimaji, pale penye vitunguu, na wazee wakaamua kwamba aliyepanda asing'olewe. Shangazi alibaki na mteremko. Tangu siku hiyo Koplo akipita, shangazi alimwita yule msahaulifu, mbele ya watu, na hakumpa hata kikombe cha maji. Koplo aliitikia salamu ambayo hakupewa, akafanya sevisi yake, akaondoka. Nami nilikuwepo mara zote hizo, nikihesabu nati.

Mwaka 1979 serikali ilipoanguka, na askari wa zamani wakapita mji wetu wakikimbilia mpakani, kila Mnubi akahesabiwa mtu wa serikali ile, akawa wa kuulizwa. Walioingia nyuma yao hawakuuliza nani alikuwa fundi tu. Koplo alikuja kibandani mchana, mkewe nyuma yake na kifurushi kimoja. Barabara ya Oraba ilikuwa imejaa bunduki. Upande wa Vurra bado mtu aliweza kuvuka kwenda Zaire kama akipata pa kukaa siku mbili tatu, na mahali pekee nilipopajua ni banda la kukaushia tumbaku la shangazi yangu.

Tulifika Logiri jua likiwa bado kali. Shangazi alikuwa anachambua majani mlangoni. Aliwaona, akaniambia mimi, "Huyu msahaulifu amesahau nini tena hapa?"

Niliwaacha chini ya paa la jiko nikamvuta pembeni. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, na yote yakanitoka. "Shangazi, hakusahau," nikasema. "Nilimkataza mimi. Kila alipoigusa giaboksi nilimwambia aache. Alisema alisahau ili mimi nisifungwe."

Alisimama na majani mkononi. Alitazama chini kule kwenye majimaji, mahindi ya shemeji yalikuwa yamefika kifuani. Alikwenda jikoni akasimama mbele ya Koplo, akampigia goti kama wanavyopigiwa wakubwa kwetu, akasema, "Baba, karibu ndani. Nimekutukana bure." Akamshika mkewe mkono, akawafungulia banda, akatandika mkeka. Koplo alijaribu kusema kwamba haidhuru. Shangazi akamnyamazisha, akampa maji, naye Koplo akayapokea kwa mikono miwili.

Mimi nilibaki nje. Shangazi alipotoka alikuwa na jembe. Alinionyesha kipande cha juu cha mteremko, kile chenye mawe, ambacho ile mashine yetu ya viraka haikuwahi kukiweza.

"Lima," akasema.

Nikavua viatu nikaanza. Mikono ya kaunta na spana haijui jembe, na kabla sijamaliza mstari wa pili ngozi ilikuwa imefunguka. Shangazi alileta debe tupu, akaligeuza, akakaa. Alikaa pale mpaka jioni akitazama mikono yangu.